Alama za Vidole vya Nani? Uhakiki wa Tarakimu na Nafasi katika Toleo la Segovia la Mazoezi ya Fernando Sor

Uhakiki huu unahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo: tarakimu, herufi na vijiduara vinavyochapwa kando ya nota za gitaa la kiklasiki ili kumwelekeza mpigaji ni kidole kipi kibonyeze uzi upi, na mahali gani. Kwa Kiswahili ni vigumu kuziita “alama za vidole” bila msikilizaji kuwakumbuka polisi na wino wao. Mkanganyiko huo wa maana, hata hivyo, una faida kwa mhakiki. Alama hizi kweli ni ushahidi wa mtu aliyepita kwenye ukurasa, na kazi ya mhakiki ni kumtambua mtu huyo.

Mpigaji wa piano hana tatizo la kiwango hiki. Kila sauti iliyoandikwa kwenye nota zake ina kibonyezo kimoja tu. Katika gitaa, sauti moja ina makazi mengi. E ya uzi wa kwanza ulioachwa wazi inapatikana pia kwenye uzi wa pili freti ya tano, uzi wa tatu freti ya tisa, na uzi wa nne freti ya kumi na nne. Kimo cha sauti ni kilekile, lakini rangi yake inabadilika: uzi mwembamba ulioachwa wazi hulia kwa uangavu, ilhali uzi mnene uliofupishwa kwa kubonyezwa mbali shingoni hutoa sauti nzito, ya mviringo, inayowahi kufifia. Kwa hiyo nota yenyewe, kichwa cheusi juu ya mistari mitano, haimwambii mpigaji wa gitaa kila kitu.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na alama. Tarakimu 1 hadi 4 ni vidole vya mkono wa kushoto, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho. Gumba halihesabiwi kwa sababu liko nyuma ya shingo. Tarakimu 0 ni uzi usiobonyezwa. Tarakimu iliyo ndani ya duara hutaja uzi, kuanzia wa kwanza ulio mwembamba hadi wa sita. Tarakimu ya Kirumi hutaja nafasi, yaani freti ambayo kidole cha kwanza kinaisimamia: V ina maana kwamba kidole cha kwanza kiko freti ya tano, na vingine vitatu vinalinda freti ya sita, ya saba na ya nane. Herufi C ikitangulia tarakimu ya Kirumi ni kifupi cha neno la Kihispania ceja, yaani unyusi, kwa kuwa kidole cha kwanza hulazwa juu ya nyuzi kadhaa kama unyusi juu ya jicho. Baadhi ya wachapishaji huweka B badala yake, kwa kufuata Kifaransa barré. Mkono wa kulia una herufi zake, p, i, m na a, zinazotokana na majina ya Kihispania ya gumba, kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Kistari kidogo kabla ya tarakimu humwambia mpigaji kwamba kidole kisiinuliwe bali kiteleze juu ya uzi uleule.

Anayeanza hujikwaa hapa, na si kwa uzembe. Tano ndani ya duara ni uzi, V ni freti, na tano tupu haipo kabisa kwa kuwa kidole cha tano hakitumiki. C nayo ni alama ya mapigo mwanzoni mwa mstari, ni jina la akodi katika vitabu vya nyimbo, na ni unyusi huo nilioutaja. Nimewaona wanafunzi wakishika akodi ya C mahali palipochapwa CII, wakashangaa kwa nini muziki umeharibika.

Hata hivyo, kuzielewa alama ni hatua ya kwanza tu ya kuzisoma. Hoja yangu ni kwamba alama zinazofanana kwa wino hazifanani kwa mamlaka. Zipo zinazoamua sauti, na zipo zinazousaidia mkono tu. Duara lenye 2 juu ya F shapu linampeleka mpigaji freti ya saba ya uzi wa pili badala ya freti ya pili ya uzi wa kwanza. Hapo sauti imechaguliwa, na kulipuuza duara hilo ni kubadilisha rangi ya muziki. Tarakimu 3 badala ya 4 kwenye freti ileile ya uzi uleule kwa kawaida ni suala la urefu wa vidole na la kile kinachofuata. Ukurasa uliochapwa hauzitenganishi. Zote ni nyeusi, zote ni ndogo, na zote zinaonekana kutoka kwa mtunzi.

Toleo linalolidhihirisha tatizo hili kuliko mengine ni lile la mazoezi ishirini ya Fernando Sor, lililohaririwa na kuwekewa vidole na Andrés Segovia na kuchapishwa New York mwaka 1945. Sor alizaliwa Barcelona mwaka 1778 na kufariki Paris mwaka 1839. Kati ya kifo chake na toleo hilo kuna zaidi ya karne moja. Segovia aliyachagua mazoezi hayo kutoka katika makusanyo tofauti ya Sor, akayapanga upya na kuyapa nambari 1 hadi 20. Kwa njia hiyo Opus 35 nambari 22, zoezi mashuhuri la B mainori, limekuwa “zoezi la tano” midomoni mwa wapigaji, na wengi hawana habari ya nambari yake ya asili. Jina la Segovia limo kwenye jalada, kwa hiyo haiwezekani kumshtaki kwa kuficha mkono wake. Ila jalada ni jalada. Nakala niliyojifunzia mimi ilikuwa imerudufiwa kutoka nakala nyingine iliyorudufiwa, na haikuwa na jalada. Kwa miaka minne niliamini kwamba kila tarakimu iliyomo ni ya Sor, na mtahini mmoja alinipunguzia alama kwa kubadilisha vidole viwili “dhidi ya matakwa ya mtunzi”. Sikujua la kumjibu, kwa kuwa nami niliamini vivyo hivyo.

Matakwa ya mtunzi, kwa bahati njema, hayajapotea. Sor aliyaeleza katika kitabu chake cha mbinu za gitaa kilichochapishwa Paris mwaka 1830. Humo anashikilia kwamba ufunguo wa gitaa ni kuzijua theluthi na sita, yaani vipimo viwili vya upatanifu ambavyo juu yake mkono wa kushoto hujipanga. Kwake yeye kidole hakifuati tarakimu. Kinafuata upatanifu, na mwanafunzi anayejua sababu ya akodi anaweza kukipata kidole mwenyewe. Kwa mkono wa kulia alitegemea gumba, cha shahada na cha kati, akikiita kidole cha pete kwa nadra, hasa akodi inapokuwa na sauti nne. Aidha, aliukataa kwa maneno makali upigaji wa kucha, ingawa alimstahi rafiki yake Dionisio Aguado aliyezitumia. Leo wapigaji wengi huitoa melodi ya Opus 35 nambari 22 kwa kucha ya kidole cha pete. Inapendeza, na mimi nafanya hivyo. Lakini anayedai kwamba huo ndio utiifu kwa Sor hajamsoma Sor.

Ushahidi unaonishughulisha zaidi unatoka kwa Segovia mwenyewe. Mwaka 1953 etyudi kumi na mbili za Mbrazili Heitor Villa-Lobos zilichapishwa Paris na Max Eschig, zikiwa na dibaji ya Segovia. Humo anaeleza kwamba hakutaka kubadilisha vidole alivyoviweka mtunzi, kwa sababu Villa-Lobos alilijua gitaa barabara, na akichagua uzi fulani ili kifungu fulani kisikike, mpigaji anapaswa kutii hata kama atapata taabu zaidi. Sioni kauli iliyo bora kuliko hiyo kuhusu uzito wa alama hizi: uzi ni sehemu ya utunzi. Lakini kanuni hiyo ikirudishwa miaka minane nyuma, hadi toleo la 1945, inamdai aliyeiandika. Sor naye alilijua gitaa barabara. Tofauti ninayoiona ni kwamba Villa-Lobos alikuwa hai mwaka 1953, na Sor hakuwa na wa kumsemea.

Yapo ya kumtetea Segovia, nami siyapuuzi. Gitaa la Sor lilikuwa dogo, lenye nyuzi za utumbo, na halikujengwa kwa ajili ya kumbi kubwa ambazo Segovia alizijaza. Mkono unaobadilishiwa chombo hauna budi kubadilishiwa njia. Bila toleo lake, mazoezi haya pengine yangebaki makabatini mwa wachache. Kosa ninalolitaja si kwamba aliweka vidole. Ni kwamba tabaka mbili za wino zimechapwa kama tabaka moja.

Msomaji wa tenzi za kale za Kiswahili analifahamu tatizo hili. Hati ya Kiarabu haitenganishi daima e na i, wala o na u, na mhariri anayeigeuza kuwa herufi za Kirumi analazimika kuchagua. Mhariri mwangalifu huonyesha alipochagua; asipofanya hivyo, msomaji wa kizazi kinachofuata atamsifu au kumlaumu mshairi kwa irabu ambayo hakuiweka. Nota za gitaa zinastahili uangalifu huohuo: alama za mtunzi kwa mwandiko mmoja, za mhariri kwa mwingine, labda kwa mlazo au ndani ya mabano. Gharama yake ni ndogo.

Akodi ya B mainori, iliyo makao ya zoezi lile, hushikwa kwa unyusi wa freti ya pili, na hapo Sor, Segovia na kiganja cha mwanafunzi hawana sababu ya kugombana. Ugomvi huanza melodi inapopanda. Katika nakala ninayoitumia sasa nimeandika alama za uchapaji wa kwanza kwa wino wa buluu, za Segovia kwa mwekundu, na zangu kwa kalamu ya risasi ili niweze kuzifuta. Mahali pawili bado sijaandika chochote. Kila wiki mkono wangu huchagua njia tofauti.