Wengi Wape? Juu ya Kutaja Marejeo Mengi kwa Pamoja

Imekuwa desturi katika maandishi yetu ya kitaaluma kufunga sentensi kwa mabano yaliyojaa majina na miaka. Mwandishi husema neno lake, kisha huwaita wataalamu watatu au wanne kwa mpigo, na msomaji hubaki akiamini kwamba shauri limekwisha kukatwa. Makusudio ya makala haya si kuilaani desturi hiyo, kwani ina manufaa yake, bali ni kuuliza: majina yanapokaa pamoja katika mabano, je, wenye majina hayo wanakaa pamoja kwa rai?

Tuchukue mfano wa ngeli za nomino. Katika tasnifu moja niliyopata kuisoma, mwandishi alieleza kwamba nomino za Kiswahili hugawanywa katika ngeli kwa kufuata viambishi awali vyake, akaongeza: (Bleek 1869, Meinhof 1906, Ashton 1944). Kwa mtazamo wa kwanza hapana kosa. Vitabu vipo, miaka ni sahihi, na kila mmoja wa watatu hao amezungumzia viambishi. Lakini tukivifungua vitabu vyenyewe, tunakuta kasoro mbili ambazo mabano yamezifunika.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu ya mashahidi. Bleek alilinganisha lugha za Kusini mwa Afrika na kuzipa ngeli nambari. Meinhof, katika sarufi yake linganishi ya lugha za Kibantu, aliupokea mpango huo na kuupanua. Basi Meinhof si shahidi wa pili aliyetoka upande mwingine akakuta jambo lile lile. Ni mwanafunzi wa njia iliyokwisha kufunguliwa. Wanazuoni wa hadithi walilijua jambo hili tangu kale. Kwao haikutosha habari kupokewa na watu wengi. Walifuata isnadi, tabaka kwa tabaka, na iwapo njia zote zilikutana kwa mpokezi mmoja, habari ilihesabiwa kuwa ya mmoja, hata ikiwa waliomfuata ni mia. Elimu hiyo imesomeshwa katika madarasa ya pwani yetu kwa karne nyingi. Ni ajabu kwamba sisi wa vyuo vikuu tunaisahau tunaposhika kalamu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuwapatanisha wasiopatana. Kwa Meinhof, kila kiambishi ni ngeli; kwa hiyo mtu, watu, mti na miti ni ngeli nne. Kwa Ashton, umoja na wingi huunganishwa, na maneno hayo manne huwa ya ngeli mbili tu: M-WA na M-MI. Tena wapo waliokuja baadaye ambao hawakuanzia katika nomino bali katika upatanisho wa kitenzi. Hao hutazama sentensi kama kiboko yule amezama, viboko wale wamezama, wakasema kwamba kiboko, licha ya ki- yake, ni wa ngeli ya A-WA. Hapa pana swali zito: ngeli ni umbo la neno au ni uhusiano wa neno na mengine katika sentensi? Mwanafunzi anayesoma mabano yale hatajua kwamba swali hilo lipo. Atatoka chuoni akafundishe, naye atauliza wanafunzi wake Kiswahili kina ngeli ngapi, kana kwamba jibu ni moja.

Huenda ikajibiwa kwamba nafasi ya jarida ni finyu, na kwamba haiwezekani kumweleza kila mtaalamu kwa kirefu. Jibu hilo halitoshi. Mwandishi yule angaliweza kusema: Meinhof (1906), akiendeleza nambari za Bleek (1869), huhesabu kila kiambishi kuwa ngeli, Ashton (1944) huunganisha umoja na wingi. Maneno yaliyoongezeka ni machache, lakini msomaji amepata kujua nani amemfuata nani, na nani amehitilafiana na nani.

Marejeo mengi kwa pamoja yanafaa pale mwandishi anapotaka kuonyesha kwamba jambo limechunguzwa na wengi, au kwamba wachunguzi waliotumia njia mbalimbali wamefikia tamati moja. Hayafai kuwa ngao ya kumzuia msomaji asiulize. Na asiyekisoma kitabu chenyewe, bali amelikuta jina lake katika mabano ya mwenziwe, ni wajibu wake amtaje mwenziwe huyo.

Methali yatuambia wengi wape. Katika taaluma, kabla ya kuwapa, yatupasa kwanza tuwahesabu, kisha tumsikilize kila mmoja anasema nini.