Kumtambua Nyoka kwa Dadu

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi pamoja wakaibuni safari kwa maneno: mmoja huwa msimulizi, kila mmoja wa wengine huwa mhusika, na jambo lenye shaka hukatwa kwa dadu. Kwa kuwa ni masimulizi, yafaa upimwe kwa mizani ya masimulizi. Hapa twapima jambo moja, nalo ni jinsi mhusika amtambuavyo chura, nyoka, mamba au joka kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2003.

Sifa itangulie. Kanuni hizo zimeipa elimu mahali pake kando ya upanga. Chura, nyoka na mamba wa kawaida wamo katika maarifa ya maumbile. Joka limo katika maarifa ya uchawi. Mjuzi wa mto, basi, si lazima awe mjuzi wa siri.

Kasoro imo katika kipimo. Mchezaji hutupa dadu yenye nyuso 20, akaongeza kiasi cha elimu ya mhusika wake, na jumla haina budi kufikia 10 pamoja na idadi ya dadu zinazopima uhai wa mnyama. Nyoka mdogo wa jamaa ya kifutu, mwenye dadu 1, hutaka 11. Mamba mwenye 3 hutaka 13. Joka jekundu lililofikia ukomo wa uzee, lenye 40, hutaka 50. Hivyo joka livumalo katika kila kijiji ni gumu kutambulika kuliko nyoka aliyejificha majanini. Tena asiyesomea maarifa hayo hawezi kujua jambo lipitalo 10. Basi mchungaji aliyezeeka porini hamjui hata yule nyoka mdogo.

Katika maumbile ugumu hautokani na nguvu, bali na mfanano. Afrika yuko nyoka mla mayai, asiye na sumu, ambaye mabaka yake ni kama ya nyoka wenye sumu. Akichokozwa husugua magamba yakatoa sauti kama yao. Chura naye mara nyingi hutambulika kwa mlio wake kabla hajaonekana. Utambuzi, kwa hiyo, ni kusoma dalili, na dalili zaweza kudanganya.

Kanuni zakataza aliyeshindwa kujaribu tena, kwa hoja kwamba kufikiri mara ya pili hakumpi mtu asichojifunza. Utambuzi umegeuzwa kumbukumbu tu: mhusika ajua, au hajui. Kukosea hakukupewa nafasi, na kukosea ndiko kuzaako hadithi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu huyo hana makao katika kanuni hizi.

Haimpasi msimulizi kuitupilia mbali dadu. Na iamue ni dalili ngapi mhusika amezisoma: rangi, sauti, mwendo. Jina la mnyama alitaje mchezaji mwenyewe, na akikosea, hadithi ifuate kosa lake.