Kiondo Hakina Haraka

Kazi nyingi za nyumbani katika Gachoka hazimsubiri mtu. Maziwa yakifurika jikoni yamefurika. Mbuzi wakilia kiu lazima maji yatafutwe. Ndengu zikikauka shambani zataka kuvunwa mara moja, la sivyo maganda yatapasuka na punje zimwagike mchangani. Kiondo, kikapu cha kusukwa kwa mkono, ndicho kinachokubali kuwekwa chini. Anayekisuka akiitwa na mtoto, au mgeni akipiga hodi, hukilaza kitini na kuondoka. Akirudi jioni, au baada ya wiki nzima ya palizi, hukikuta kama alivyokiacha, kwa kuwa kila uzi umebanwa na mwenzake na safu hazifumuki ovyo. Hukipakata, akapapasa ukingo kwa kidole mpaka apaone alipoishia, na mkono ukaendelea.

Hapo ndipo ninapoiona raha kubwa ya ususi, na ndiyo sababu nataka kuusifu. Husifiwa mara nyingi kwa fedha unazoleta, na fedha ni jambo jema. Lakini nimewaona wanawake wakisuka miezi ambayo hakuna mnunuzi aliyepita, na hawakuonekana kama watu wanaongoja mnunuzi. Walikuwa wakifanya kitu wanachokipenda, katika muda ambao bila hicho ungepotea.

Gachoka ni soko lililo kando ya barabara itokayo Embu kwenda Kiritiri, katika nchi ya Wambeere. Ukiteremka kutoka upande wa chai na kahawa chini ya Mlima Kenya, hewa hupata joto, udongo hubadilika, na mashamba huwa ya kunde, ndengu, mtama, maembe na muguka wa kutafunwa. Mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, tena si mvua ya kuaminika. Kati ya misimu hiyo jembe hupumzika, na mikono iliyokuwa ikipalilia hushika nyuzi.

Nyuzi zenyewe ziko mpakani mwa shamba, ndani ya majani ya mkonge yenye miiba nchani. Mkonge si mwenyeji. Asili yake ni Mexico, na katika Afrika Mashariki uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza vipando 1,000 kutoka Florida na kupata 62 tu vilivyonusurika safari ya kufika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kabla ya mkonge kusambaa, wasusi wa maeneo haya walichuna nyuzi katika magome ya vichaka na miti ya porini. Elimu hiyo ya pori ilikuwa pana. David Brokensha na Bernard Riley walipochapisha mwaka 1988 utafiti wao juu ya Wambeere, walilazimika kuitengea mimea na matumizi yake juzuu nzima. Msusi wa zamani alijua gome lipi hutoa uzi mrefu, lipi hukatika, na lipi huchunwa vizuri baada ya mvua.

Jani la mkonge hukwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani iishe na zibaki nyuzi tupu, ambazo huoshwa na kuanikwa. Kisha huja kazi ambayo mimi naweza kuitazama bila kuchoka. Msusi huketi, miguu ameinyoosha, sketi ameikunja kidogo juu ya goti. Huchukua vifungu viwili vyembamba vya nyuzi, akavilaza sambamba juu ya paja, akavisukuma mbele kwa kiganja. Kila kifungu hujisokota peke yake. Halafu hukirudisha kiganja nyuma, na vifungu viwili hivyo hukumbatiana vikawa kamba moja. Mbele, nyuma. Uzi ukikaribia kuisha hupachika mwingine mahali pale pale, na jicho la mgeni halitaona kiungo. Kamba hukaza kwa sababu kila kifungu kinataka kujifumua upande mmoja na muungano wao unavutia upande mwingine, hivyo ubishi wao wenyewe ndio unaowashikanisha. Hakuna chombo kilichotumika zaidi ya kiganja na paja.

Kiondo huanzia kitakoni. Kamba chache hupishanishwa katikati na kufungwa, na ncha zake hutawanyika pande zote. Hizo ndizo nyuzi za kusimama. Nyuzi mbili nyingine huzizunguka, moja mbele na moja nyuma, zikipishana kila zinapokutana na uzi wa kusimama. Duara likipanuka, nafasi hutokea, na msusi huongeza nyuzi mpya za kusimama ili kitako kibaki bapa. Siku anapoacha kuongeza, kuta huanza kuinuka zenyewe. Umbo lote la kiondo liko katika uamuzi huo, kuongeza au kutoongeza, na hakuna aliyeuandika popote. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hapa safu kwa safu kitu kinaongezeka, na kila anayepita uani anaweza kuona kilivyokua tangu juzi.

Rangi nazo zina raha yake. Zamani zilitoka kwenye mizizi na magome. Siku hizi wengi huchemsha nyuzi na rangi ya dukani. Wengine hununua sweta kuukuu la mtumba, wakalifumua, na uzi wake mwekundu au wa bluu ukazunguka kiondo. Napenda kuona sweta lililofumwa mbali, kwa ajili ya baridi ya watu wengine, likianza maisha mapya katika joto la Mbeere.

Wanaofuma sweta kwa mkono, huko juu kwenye baridi ya Embu mjini na Meru, wanaijua raha hii. Wao hufanya kazi na sindano mbili na vitanzi, na sindano ikichomoka vitanzi huponyoka, kwa hiyo humakinika zaidi kabla ya kuinuka. Lakini wote, wafumaji na wasusi, wamegundua jambo moja: mikono ikishazoea, akili hupata nafasi. Huwezi kulala, huwezi pia kuhangaika sana. Wasiwasi hupungua makali kwa sababu vidole vina hesabu yake.

Kisha kuna mazungumzo. Katika mkutano wa chama, kabla mweka hazina hajafungua daftari, utaona viondo vikitolewa mikobani. Kusuka humwacha mtu na masikio na mdomo huru, na macho yake huyaelekeza kwenye kazi. Hilo la macho lina uzito zaidi kuliko tunavyodhani. Mkaza mwana anaweza kumwambia mama mkwe jambo ambalo asingeweza kulisema wakitazamana. Binti anaweza kumuuliza shosho, nyanya yake, swali la aibu, na shosho akalijibu huku akivuta uzi, kana kwamba wanazungumzia uzi. Na maneno yakikwama, kimya hakimsumbui mtu, maana kuna kazi inaendelea.

Kiondo cha Kenya kiliwahi kuvuma sana ng'ambo, hasa katika miaka ya 1980, halafu mifuko ya kiwandani ikakisukuma pembeni hata nyumbani. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, wengi walikumbuka kilichokuwa kimening'inia ukutani kwa mama zao. Bado, ukigawanya bei ya kiondo kwa saa zilizokisuka utapata hesabu ya kusikitisha, na msusi anastahili kulipwa zaidi. Lakini hesabu hiyo hudhani kwamba saa zile zilikuwa zikisubiri kuuzwa. Hazikuwa. Zilikuwa robo saa ya kungoja matatu ijae, foleni ya zahanati, alasiri ya jua kali. Ususi huchukua mabaki ya muda, yale pekee ambayo mwanamke mwenye shughuli nyingi anaweza kuyaita yake, na kuyaunganisha mpaka yawe kitu kimoja kinachobeba kilo nyingi za mahindi.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 umezipa kazi za mikono nafasi darasani, nami naufurahia. Ningeomba tu kwamba ususi usiishie kwenye alama za mtihani. Mtoto aketishwe karibu na anayejua, apewe nyuzi, aachwe akosee na kufumua. Atakayejifunza akiwa mdogo atakuwa na kazi ya mikono yake hadi uzeeni, popote atakapongojeshwa, na hakuna atakayeweza kumpotezea muda wake wote.