Pongezi kwa Mabingwa wa Hadubini

Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo ambaye mali yake ndiyo iliyoijenga hospitali ya Dar es Salaam ya mwaka 1897, nayo ikaja kuwa asili ya Muhimbili, hakudiriki kuwaona mabingwa wa hadubini ninaowapongeza leo. Mgonjwa wa Kaole au Mbegani, jirani na Bagamoyo, humwendea tabibu na baka lililodumu miaka, likapakwa dawa ya choa, likadhaniwa ukoma, hata pengine saratani ya Kaposi; kumbe ni limfoma ya ngozi, maradhi adimu ambayo aina yake moja ilielezwa na Alibert, tabibu wa Paris, tangu mwaka 1806. Kipande cha ngozi hutiwa formalini, huzamishwa katika nta, hukatwa chembamba kuliko unywele, kisha hutiwa rangi. Ndipo bingwa atazame iwapo chembe nyeupe zimepanda hadi tabaka la juu, na kwa rangi za kingamwili azipambanue kama ni za jamii ya T au B. Asipopata yakini hahukumu, bali huomba kipande kingine, na tabibu mwenye haraka hughadhibika bure. Mimi nausifu ukaidi huo, maana maradhi haya, katika miaka yake ya mwanzo, humhadaa hata bingwa mwenyewe.