Sinapsi: Tutafsiri Neno au Kitu?

Taaluma ya ubongo ni miongoni mwa taaluma ambazo istilahi zake za Kiswahili bado hazijatulia. Sababu moja ni kwamba udaktari hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa huja na Kiswahili chake. Jambo hili ni dhahiri Dodoma, penye Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, na penye Hospitali ya Mirembe, ijulikanayo nchini kote kwa tiba ya magonjwa ya akili. Mtafiti anayechunguza jinsi seli za ubongo zinavyojenga mawasiliano, na mganga anayemweleza mzazi kutoka Kongwa kazi ya dawa ya mwanawe, wahitaji istilahi zile zile. Makala haya yanakusudia kupima chache kati ya hizo.

Tuanze na msingi. "Mshipa wa fahamu" ni usemi wa siku nyingi, lakini una kasoro mbili. Kwanza, "mshipa" hutumika pia kwa njia ya damu, na mitaani hutajwa kama jina la ugonjwa. Pili, neva iendayo kwenye msuli hupeleka amri, wala si fahamu. "Neva" limekwisha kuenea, nasi hatuoni sababu ya kuliacha. Aidha, "seli ya ubongo" haitoshi kutaja seli ipelekayo habari. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na pamoja nazo zipo seli nyingi za glia zenye kazi nyingine. Kwa hiyo tuseme "seli ya neva".

Mgogoro mkubwa uko mahali seli mbili za neva zinapopashana habari. Mwaka 1897, Mwingereza Sherrington alipaita kwa jina lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya kushikana. Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana. Golgi wa Italia alishikilia kwamba neva ni wavu mmoja usiokatika. Ramón y Cajal wa Hispania alishikilia kwamba kila seli ni kitu kamili peke yake. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, kila mmoja akibaki na msimamo wake. Hadubini ya elektroni ilimaliza ubishi katika miaka ya 1950: kati ya seli na seli lipo pengo, lenye upana wa takriban sehemu 20 za milioni ya milimita.

Hapa ndipo mfasiri hukosea njia. Akilifuata neno la Kigiriki, ataandika "kiungo", "kiunganishi" au "muungano". "Kiungo" tayari ni mkono, ni bizari, na ni mchezaji wa kati uwanjani. "Kiunganishi" ni mali ya sarufi. Lakini kosa kubwa si wingi wa maana. Maneno haya yote yasema kwamba seli zimegusana, na hivyo Kiswahili kitakuwa kimempa Golgi ushindi bila kukusudia. Tena yanamnyima mgonjwa maelezo. Haloperidoli, kwa mfano, hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini upande wa pili wa pengo. Asiyejua kwamba pengo lipo ataelewaje dawa inapita wapi?

Kwa maandishi ya kitaalamu, "sinapsi" lafaa, kwa kuwa halimdanganyi Mswahili kwa maana ya Kigiriki asiyoijua. Kwa maelezo ya shuleni na hospitalini twapendekeza "kivuko". Lina ng'ambo mbili, lina pengo, na lina kitu kinachovushwa. Tena huzaa: kemikali ipelekayo habari itakuwa "kivukishi", na kinachoipokea ni "kipokezi". Istilahi isiyozaa huwalazimisha wafasiri kukopa upya kila siku.

Pingamizi zipo. Mkazi wa Dar es Salaam atafikiria pantoni ya Kigamboni. Lakini mtu wa nyanda za kati hahitaji pantoni: korongo alilolivuka kwa miguu mwezi Agosti huweza kumzuia mwezi Januari. Pia zipo sinapsi za umeme, ambazo seli zake hukaribiana mno na mkondo hupita moja kwa moja. Hizo ziitwe "sinapsi za umeme" wala zisilazimishwe kuingia katika "kivukishi".

Kuhusu ujenzi wenyewe, Kiswahili hakina umaskini. Cajal alieleza mwaka 1890 sehemu ya mbele ya uzi wa neva unaokua. Mwaka 1907 Harrison wa Marekani aliutazama uzi wa neva ya chura ukikua nje ya mwili. "Koni ya ukuaji" ni tafsiri ya umbo, tena umbo lisilodumu, maana sehemu hiyo hutanuka na kupapasa njia. "Ncha ya ukuaji" yatosha. Baadaye ubongo huondoa vivuko vilivyozidi, na tendo hilo tayari lina jina: kupogoa. Mkulima wa zabibu wa Makutupora hupogoa mzabibu ili uzae. Hatafikiri kwamba mtoto anapata hasara.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya usanifishaji imekuwa ya wengi. Hapana budi mapendekezo haya yapimwe kwa waganga, walimu na wauguzi wa Dodoma, wakiwamo wasemao Kigogo na Kirangi nyumbani. Kihaya kilitupa "ngeli". Huenda nyanda za kati nazo zina neno bora kuliko "kivuko". Likipatikana, tutaliacha letu bila kinyongo.