Majina ya Nyimbo Tulizozicheza Bila Kuzielewa



Katika harusi moja hapa Ilford, DJ alipoweka "Mario" wa Franco na T.P. O.K. Jazz, wazee wote tuliinuka. Binti yangu akaniuliza, "Baba, huyo Mario ni nani?" Nilimjibu papo hapo, kwa sababu kwetu Dar es Salaam jina hilo liliacha zamani kuwa la mtu mmoja. Marioo ni kijana anayelelewa na mwanamke mwenye uwezo. Wimbo wa mwaka 1985 ulituachia neno.

Kesho yake akapekua kanda zangu, akasoma jina jingine: "Attention na Sida", wa mwaka 1987. "Na huu?" Hapo nikakaa kitako.

Tulitazame jina lenyewe. "Attention" ni tahadhari kwa Kifaransa. "Sida" ni kifupisho cha Kifaransa cha UKIMWI. Katikati ipo "na" ya Kilingala, ambayo hapa inafanya kazi ileile ya "na" yetu tunaposema "jihadhari na mbwa". Neno la katikati, basi, lilikuwa kama letu. Yaliyotushinda ni yale ya mwanzo na mwisho. Vijana wa mtaani kwetu tulisoma "shida", tukadhani jamaa analalamikia maisha, tukaendelea kucheza.

Wapo wanaosema Franco alitia Kifaransa kwa madaha tu. Sikubaliani nao. Katika "Très Impoli" wa mwaka 1984, yaani "asiye na adabu kabisa", Kifaransa kinamcheka mtu. Katika wimbo wa 1987 kinataka kuwafikia hata wasiojua Kilingala. Tatizo ni kwamba sisi wa Kiswahili hatukujua lugha zote mbili.

Lakini mbona "Mario" tulimwelewa? Nadhani ni kwa sababu kisa husimulika. Aliyejua Kilingala alimweleza mwenzake kwa sentensi mbili, na sote tulimjua Mario wa mtaani kwetu. "Attention na Sida" ni mahubiri, na mahubiri hayasimuliki hivyo. Kama sanaa, "Mario" ni wimbo bora. Kama tendo la ujasiri, sioni wa kuulinganisha na ule wa pili, uliotoka wakati wengi walikuwa bado wananong'ona.

Kazi yangu ya uhandisi imenifundisha kwamba onyo hubandikwa palepale mkono unapofika, kwa lugha ya mwenye mkono. Franco, aliyefariki Oktoba 1989, alilibandika mahali sahihi: juu kabisa, kwenye jina. Lugha tu ndiyo haikuwa yetu.

Kati ya wale niliocheza nao, watatu tuliwazika kabla ya mwaka 2000. Sisemi kwamba tafsiri ya maneno matatu ingewaokoa. Nasema tulikuwa na kanda mkononi, na hakuna aliyeuliza.

Binti yangu ameuliza. Nawe wako wakikuuliza, tafadhali usiwaambie, "Ni muziki tu."