"Mifumo Kusomana": Uhakiki wa Istilahi Inayomficha Mtendaji

Miongoni mwa maneno yaliyoenea upesi katika ofisi za Serikali miaka ya karibuni, ni machache yaliyopendwa kama kusomana. Yasemwa kwamba mfumo wa hospitali hauna budi usomane na mfumo wa malipo, na wa bima, na wa takwimu za Wizara. Neno lenyewe ni jepesi, limenyambuliwa kwa kanuni za Kiswahili, na mwananchi hulielewa bila kufafanuliwa. Kwa sifa hizo lastahili pongezi. Madhumuni ya makala haya, hata hivyo, ni kuonyesha kwamba wepesi wake umeleta hasara katika mipango ya kazi.

Mwandishi alikabidhiwa kuhakiki lugha ya rasimu ya mpango wa kusimika mfumo wa kompyuta katika vituo vya afya vya Milima ya Upare, wilayani Same. Ofisi iliyoiandaa si lazima itajwe, kwani kosa lake ni la wengi. Rasimu ilieleza vema kwamba mfumo wa GoT-HoMIS, uliobuniwa chini ya TAMISEMI, husajili wagonjwa, hutunza hesabu za dawa na vipimo, na huandaa malipo. Kisha ikaahidi kwamba mfumo huo utasomana na GePG kwa malipo, na mifumo ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa madai, na DHIS2 kwa taarifa za MTUHA. Lakini katika jedwali la ikama, walipoorodheshwa waganga, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara, hakuwapo hata mtumishi mmoja aliyepewa kazi ya kuangalia taarifa zinapovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Je, sababu yaweza kuwa sarufi? Tunadhani kwa sehemu ni hivyo. Kauli ya kutendana huwafanya washiriki wote kuwa watendaji. Watu wakisalimiana, hatuulizi ni nani anayewasalimianisha. Vivyo hivyo, mifumo "ikisomana", mpangaji haoni haja ya kumtafuta mtu. Sentensi imekamilika; ikama imepungua.

Kosa la pili ni la mwelekeo. Kusomana hudai kwamba kila upande husoma wa pili. Tuseme mama mjamzito anateremshwa kwa rufaa kutoka zahanati ya milimani hadi mjini Same. Daktari anayempokea ameambiwa mifumo inasomana, hivyo atazamia kuona katika kompyuta kundi la damu la mama huyo na dawa alizokwisha kupewa. Lakini kilichovuka ni jumla ya mwezi: wajawazito kadha wa kadha walihudhuria kliniki. Jina lake halimo. Taarifa ilipanda kwenda juu kwa takwimu; haikuvuka kwenda kwa daktari kwa matibabu. Asiyejua tofauti hiyo aweza kuacha kuuliza kwa simu, au kuacha kuisoma kadi iliyo mkononi mwa mama.

Wenyeji wa Upare hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika ndiva, yaani malambo madogo ya kumwagilia mashamba, maji ya mfereji hukusanywa usiku na kufunguliwa mchana. Hakuna asemaye kwamba ndiva na mashamba "humwagiliana". Maji yana chimbuko, yana mlango, yana zamu, na yupo afungaye na afunguaye. Mlango ukiziba, yajulikana aulizwe nani.

Maneno mengine yaliyopendekezwa nayo yana kasoro. Kiolesura kimezoeleka kwa sura ambayo mtumiaji huiona katika kioo cha kompyuta. Kukitumia pia kwa makutano ya mifumo miwili ni kuwachanganya wanafunzi. Kiunganishi ni mali ya wanasarufi tangu zamani. Kiungo, katika hospitali, ni mkono au mguu. Hatutamani kusoma taarifa kwamba kiungo cha maabara kimekatika.

Tunapendekeza, basi, kivuko cha taarifa kwa mahali ambapo mifumo miwili hukutana, na mvushaji taarifa kwa mtumishi anayekiangalia. Kivuko kina ng'ambo mbili, na lazima itajwe ipi ni ya kuondokea na ipi ya kufikia. Kwa taarifa iendayo upande mmoja tuseme upelekaji. Kusomana kubaki kwa mifumo ambayo kweli kila mmoja husoma wa mwenzake.

Yawezekana wasomaji wakapinga kwamba kivuko ni pantoni, na pia ni mahali pa kupitia waendao kwa miguu. Pingamizi hilo ni la haki, ila maana zote hizo zina mpito na zina upande. Wengine watasema kwamba neno halileti mtumishi, na kwamba ikama huamuliwa na fedha. Ni kweli. Lakini kazi isiyokuwa na jina haiwezi hata kuombewa fedha. Mganga Mfawidhi atakayeandika kwamba kituo chake kina vivuko vitatu na hakina mvushaji, atakuwa ameomba kitu kinachohesabika.

Wafasiri na walimu wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao, na kutuletea matokeo, yawe ya kuunga mkono au ya kukataa.